Moyo, Dola na Msalaba: Mihemko ya Binadamu katika Tanzia za Pierre Corneille

Utangulizi

Mpenzi msomaji, ikiwa wewe ni mwalimu, bila shaka umewahi kusahihisha sentensi ya aina hii, na ikiwa wewe ni mtahiniwa, huenda umewahi kuiandika: "Mhusika huyu aliangamia kwa kuwa alifuata hisia badala ya akili." Ni sentensi iliyozoeleka katika majibu ya tamthilia. Haina kosa la sarufi na mara nyingi ina chembe ya ukweli. Hata hivyo, inachukulia kwamba kesi imekwisha kuamuliwa. Ndani yake hisia ni mshtakiwa, akili ni hakimu, na wajibu kwa jamii ni sheria isiyoulizwa maswali.

Makala haya yanadhamiria kukuonyesha kwamba kesi hiyo ina historia ndefu na kwamba haijawahi kuwa nyepesi hivyo. Tutaifuatilia historia hiyo mpaka Ufaransa ya karne ya kumi na saba, katika kipindi ambacho nadharia ya fasihi hukiita urasimi mpya. Huko tutazichunguza tamthilia tatu za Pierre Corneille (1606-1684): Le Cid, Horace na Polyeucte. Tumeichagua Polyeucte kuwa kiini cha mjadala kwa sababu ndani yake pande zote zinakutana katika nyumba moja na kwa siku moja: mapenzi, akili, wajibu kwa dola na imani ya Kikristo. Mwishoni tutauliza funzo hili linamfaa nini mhakiki wa tamthilia za Kiswahili.

Mihemko ni nini?

Kabla hatujaendelea, tukubaliane kuhusu istilahi. Tunaposema mihemko tunarejelea hali za moyo zinazomjia mtu kwa nguvu na kumsukuma atende: mapenzi, chuki, hofu, hasira, wivu, huzuni, matumaini, kiu ya sifa. Mihemko si sawa na mawazo, kwa maana mtu haichagui jinsi anavyochagua hoja. Humpata. Ndiyo maana Waswahili husema mtu "ameshikwa" na hasira au "ametekwa" na mapenzi, kana kwamba hasira na mapenzi ni askari nao wamemvamia.

Methali zetu nazo hazina kauli moja kuhusu jambo hili. "Hasira hasara" inaonya. "Mpenda chongo huita kengeza" inacheka upofu wa anayependa. Lakini "Damu nzito kuliko maji" inakubali kwamba kuna mvuto wa moyo ambao hoja haiwezi kuukata, na wala haiulaani. Iwapo hekima ya jadi haikuufunga mjadala huu, mhakiki naye asikimbilie kuufunga.

Mjadala ulivyoanza

Katika Ugiriki ya kale, Plato aliifananisha nafsi ya mtu na gari linalovutwa na farasi wawili, mmoja mtiifu na mwingine mkaidi, huku akili ikiwa mwendeshaji. Kwa kuwa aliamini kwamba ushairi hulisha yule farasi mkaidi, hakuwapa washairi nafasi katika dola yake bora. Mwanafunzi wake Aristotle alikuwa na mtazamo tofauti. Katika Poetics alidai kwamba tanzia huamsha huruma na hofu, na kwa njia hiyo huleta utakaso wa hisia hizo. Kwa Plato tamthilia ilikuwa hatari kwa raia, na kwa Aristotle ilikuwa na manufaa.

Mnamo mwaka wa 300 K.K. hivi, Zeno wa Kitio alianza kufundisha mjini Athens, na wafuasi wake wakaitwa Wastoiki. Hawa walishikilia msimamo mkali zaidi. Kwao mihemko minne mikuu, yaani tamaa, hofu, raha na huzuni, ilikuwa magonjwa ya akili yanayotokana na hukumu potovu kuhusu mema na mabaya. Mwenye hekima hakupaswa kuitawala tu; alipaswa kutokuwa nayo kabisa. Mafundisho haya yaliwavutia Warumi wengi wenye nyadhifa kwa sababu yalimlea mtumishi wa dola asiyeyumbishwa na hofu wala upendeleo. Seneca, aliyefariki mwaka wa 65 B.K., aliandika risala juu ya hasira na papo hapo akaandika tanzia zilizojaa watu waliotawaliwa na mihemko.

Jibu la Kikristo lililopata uzito mkubwa lilitoka katika bara letu. Agostino alizaliwa mwaka wa 354 mjini Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, na akawa askofu wa Hippo, mji unaoitwa Annaba siku hizi. Katika kitabu chake kuhusu Mji wa Mungu, alichokiandika kati ya mwaka wa 413 na 426, aliwapinga Wastoiki waziwazi. Hoja yake ni kwamba mihemko yote ni matawi ya mti mmoja, nao ni upendo. Kutamani ni upendo unaokitafuta kitu, furaha ni upendo uliokipata, hofu ni upendo unaokimbia kitakachoudhuru, na huzuni ni upendo uliokwisha kudhurika. Basi ikiwa upendo wenyewe ni mwema, mihemko yake ni mizuri. Ikiwa ni mwovu, ni mibaya. Agostino aliwakumbusha wasomaji wake kwamba Kristo mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro. Mtu asiyehisi lolote hajafikia utakatifu. Amepoteza ubinadamu wake.

Zingatia hapa, msomaji, mageuzi yaliyotokea. Swali la Wastoiki lilikuwa: "Je, mtu huyu anahisi?" Swali la Agostino likawa: "Je, anapenda nini?" Tofauti ya maswali haya mawili ndiyo ufunguo wa tamthilia tutakazozijadili.

Ufaransa ya Corneille

Corneille alizaliwa mjini Rouen, katika jimbo la Normandy, tarehe 6 Juni 1606. Alisomea kwa Wajesuiti, akahitimu sheria na kushika nyadhifa za kisheria za serikali mjini humo kwa miaka mingi. Mafunzo ya sheria yanaonekana katika tamthilia zake: wahusika wake hubishana kama mawakili, kila mmoja akitoa hoja zake kwa mpangilio, hata wanapokaribia kulia.

Nchi aliyoishi ilikuwa na sababu nzuri ya kuiogopa mihemko. Kuanzia mwaka wa 1562 hadi 1598 Wafaransa Wakatoliki na Waprotestanti walipigana vita vya kidini. Mji wa Rouen wenyewe ulitwaliwa na Waprotestanti mwaka wa 1562, na sanamu za makanisa zikavunjwa. Amani iliyoletwa na Amri ya Nantes ya 1598 ilitegemea mfalme mwenye nguvu. Kadinali Richelieu, waziri mkuu kuanzia 1624 hadi alipofariki mwaka wa 1642, alijitahidi kuwafanya makabaila waliozoea kulipiza kisasi kwa upanga wawe raia watiifu. Amri ya 1626 ilipiga marufuku mapigano ya wawili kwa sababu ya heshima, na mwaka uliofuata kabaila mashuhuri, Montmorency-Bouteville, alikatwa kichwa kwa kuivunja. Mwaka wa 1635 Ufaransa iliingia vitani dhidi ya Uhispania. Mwaka huohuo Richelieu aliianzisha rasmi Akademia ya Kifaransa, ili hata lugha na fasihi ziwe na nidhamu.

Wanafikra nao walikuwa wakilijadili suala la mihemko kwa bidii. Mwaka wa 1641 kasisi Jean-François Senault alichapisha kitabu kuhusu matumizi ya mihemko, akidai kwamba kila mhemko unaweza kugeuzwa kuwa fadhila ukiongozwa na neema. Mwaka wa 1649 René Descartes alichapisha risala yake juu ya mihemko ya nafsi, iliyotokana kwa kiasi kikubwa na barua alizoandikiana na Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia. Alitaja mihemko sita ya msingi: mshangao, upendo, chuki, tamaa, furaha na huzuni. Alihitimisha kwamba yote ni mizuri kwa asili yake na kwamba tunachopaswa kuepuka ni kuitumia vibaya au kupita kiasi. Kwa upande mwingine, mwaka wa 1640 kilichapishwa kitabu cha marehemu Askofu Jansenius kuhusu mafundisho ya Agostino. Wafuasi wake, waliojikusanya kwenye monasteri ya Port-Royal, walisisitiza kwamba moyo wa binadamu umeharibiwa na dhambi ya asili kiasi kwamba akili peke yake haiwezi kuuongoza.

Corneille aliandika katikati ya mabishano haya. Watazamaji wake walikuwa wameyasikia mahubirini na barazani.

Moyo na wajibu: Le Cid na Horace

Le Cid ilioneshwa Paris mwezi wa Januari 1637. Rodrigue na Chimène wanapendana. Babake Chimène anampiga kofi babake Rodrigue, ambaye ni mzee asiyeweza tena kujitetea. Rodrigue analazimika kuchagua. Asipolipiza kisasi, atakosa heshima na hata Chimène atamdharau, akilipiza, atampoteza. Anamwua mzee huyo. Chimène naye, huku akiendelea kumpenda, anamwendea mfalme kudai haki.

Mtahiniwa asiye mwangalifu ataandika kwamba hapa wajibu umeshinda mapenzi. Lakini tazama vizuri. Heshima ya ukoo anayoitetea Rodrigue yenyewe ni mhemko, tena mkali. Vilevile ni mhemko unaokinzana na dola, kwani kisasi cha upanga ndicho Richelieu alichokuwa akikipiga vita. Wajibu wa kweli kwa dola unaingia baadaye, Wamori wanapoushambulia mji na Rodrigue anapouokoa. Tamthilia ilizua ubishi mkubwa, Akademia ikaombwa kutoa hukumu. Miongoni mwa lawama ilizozitoa ni kwamba si staha binti kukubali, hata kwa kusitasita, kuolewa na aliyemwua babake.

Katika Horace ya 1640 mgogoro ni mkali zaidi. Roma na Alba zinakubaliana kumaliza vita kwa pambano la ndugu watatu kutoka kila upande. Roma inawateua Horace na nduguze. Alba inawateua Curiace na nduguze. Mke wa Horace ni dadake Curiace, na Camille, dadake Horace, ameposwa na Curiace. Wawili hawa wanapokea habari za uteuzi kwa njia tofauti. Curiace anakwenda kupigana huku moyo ukimuuma. Horace anajitangazia kwamba tangu jina la Curiace litajwe, hamjui tena. Anashinda na kurudi shujaa. Camille anapomlilia mchumba wake na kuilaani Roma, Horace anamwua. Mfalme anamsamehe kwa hoja kwamba dola inamhitaji.

Nani ametawaliwa na mihemko hapa? Jibu la haraka ni Camille, kwa sababu analia na kulaani. Hata hivyo, anayeua ni mtu wa wajibu. Upendo wake kwa Roma umekosa mpaka, ukameza undugu, ndoa na huruma. Corneille anatuonyesha kwamba wajibu kwa dola unaweza kugeuka kuwa mhemko, na kwamba ukifika hapo huwa hatari kuliko mapenzi ya msichana, kwa kuwa wenye mamlaka huusifu. Mfalme anamsamehe Horace, lakini mtazamaji anarudi nyumbani akiwa na maiti ya Camille moyoni.

Imani inapoingia: Polyeucte

Polyeucte ilichapishwa mwaka wa 1643. Mandhari yake ni Melitene, nchini Armenia, mahali paitwapo Malatya nchini Uturuki siku hizi. Wakati ni utawala wa Kaisari Decius, katikati ya karne ya tatu, Wakristo wanapoteswa. Félix ni liwali wa Kirumi. Binti yake Pauline aliwahi kumpenda Sévère, kijana wa Kirumi mwenye sifa zote isipokuwa mali. Babake alikataa, naye akatii. Ameolewa na Polyeucte, mkuu wa Kiarmenia, siku chache tu zilizopita. Sasa Sévère, aliyedhaniwa kuwa amefia vitani, anarudi akiwa kipenzi cha Kaisari. Siku hiyohiyo Polyeucte anabatizwa kwa siri akishawishiwa na rafikiye Néarque, na kisha wawili hao wanakwenda hekaluni na kuzivunja sanamu za miungu mbele ya umma. Néarque anauawa. Polyeucte anafungwa, anakataa kuikana imani, anauawa. Pauline anaongoka, na baadaye Félix.

Jambo moja la kihistoria litakusaidia kuisoma tamthilia hii. Corneille aliichukua habari ya Mtakatifu Polyeucte kutoka katika masimulizi ya maisha ya watakatifu, naye mwenyewe alieleza alichoongeza. Miongoni mwa nyongeza hizo ni ndoto ya Pauline, mapenzi ya Sévère, na kuongoka kwa Pauline na Félix. Kwa maneno mengine, kisa cha asili kilikuwa na imani na dola. Mapenzi yaliletwa na mwandishi. Aliona kwamba imani haiwezi kupimwa jukwaani bila kuwekwa mizani moja na kitu ambacho moyo unakithamini kwelikweli.

Hebu tuwatazame wahusika wanne wakuu kwa zamu.

Pauline ndiye mhusika wa akili. Anamwambia Sévère waziwazi kwamba hajaacha kumpenda, na katika pumzi hiyohiyo anamwomba asionane naye tena. Hauui mhemko wake, anautawala. Lakini akili hiyo haimwezeshi kumwelewa mumewe. Anapomsihi gerezani, hoja zake zote ni za busara: umri wake mdogo, cheo chake, watu wanaomtegemea, ndoa yao. Polyeucte hashindwi kwa hoja hizo wala hazikanushi. Anachosema, kwa ufupi, ni kwamba amempata anayempenda zaidi.

Félix anajiita mtumishi wa dola. Sheria ya Kaisari, anasema, haimwachii nafasi ya huruma. Lakini akiwa na msiri wake Albin, anakiri mambo mawili. Kwanza, anamhofia Sévère. Pili, limempitia wazo la aibu kwamba Polyeucte akifa, Pauline anaweza kuolewa na Sévère na yeye akapanda cheo. Hapa ndipo Corneille anapotoa somo kali zaidi la kisiasa. Kile Félix anachokiita wajibu ni hofu na tamaa iliyovishwa joho la sheria. Hata wema wa Sévère hauoni. Sévère anapomwombea Polyeucte msamaha, Félix anadhani ni mtego, kwa sababu anawapima wengine kwa kipimo cha moyo wake.

Sévère ni mpagani. Ana kila sababu ya kutaka mshindani wake afe. Hata hivyo, Pauline anapomwomba amwokoe Polyeucte, anakubali. Isitoshe, anatilia shaka mateso ya Wakristo: anaona wanaishi kwa uadilifu na kuwaombea hata wanaowatesa. Mwishoni anaahidi kujitahidi ili mateso hayo yakome. Bila ubatizo, mtu huyu anatekeleza wajibu wa kiraia kwa uungwana kuliko liwali mwenye mamlaka.

Polyeucte mwenyewe ndiye anayezua ubishi. Je, kitendo chake cha kuvunja sanamu ni imani au ni wazimu wa bidii? Swali hili halikubuniwa na wahakiki wa leo. Baraza la maaskofu lililokutana Elvira, Uhispania, mwanzoni mwa karne ya nne liliamua kwamba anayeuawa kwa kuvunja sanamu asihesabiwe miongoni mwa wafiadini. Tena watazamaji wa Rouen na Paris walikuwa na kumbukumbu ya sanamu zilizovunjwa na Waprotestanti miaka themanini kabla ya hapo. Wengine wameona kwamba Polyeucte ni Rodrigue aliyebatizwa: kiu ileile ya sifa, isipokuwa kwamba sasa anaitafuta mbinguni.

Maoni hayo yana nguvu, lakini hayatoshelezi. Zingatia usemi nafsi wa Polyeucte gerezani, ambapo Corneille anabadilisha hata umbo la ushairi na kutumia beti badala ya mishororo ya kawaida ya mazungumzo. Mtu asiye na mihemko hahitaji kupigana nayo. Polyeucte anapigana. Anaagana na starehe za dunia kwa sababu bado zinamvuta, na Pauline anapoingia, anamlilia na kumwombea aijue imani. Horace alimkana Curiace akajisifu. Polyeucte hamkani mkewe. Kwa lugha ya Agostino, upendo wake umepangwa upya. Kasoro yake ipo mahali pengine: anapotaka kumkabidhi Pauline kwa Sévère, anaamua juu ya moyo wa mwenzake bila kumuuliza. Pauline anakataa, na ana haki ya kukataa.

Msomaji, utaona pia kwamba tukio la hekaluni na kifo cha mhusika mkuu havioneshwi jukwaani. Vinasimuliwa. Kaida ya urasimi mpya ilihimiza staha pamoja na umoja wa wakati, mahali na tendo. Matokeo yake kisanaa ni kwamba tunaona mihemko ikifanya kazi ndani ya maneno ya watu, hatuoni damu.

Waliopinga jukwaa

Si Wakristo wote walioridhika. Mwaka wa 1667 Pierre Nicole wa Port-Royal alichapisha risala dhidi ya tamthilia. Alidai kwamba fadhila za Kikristo kama unyenyekevu, ukimya na subira hazina mvuto jukwaani, kwa hivyo mwandishi hulazimika kuwapa watakatifu wake kiburi cha Kirumi. Isitoshe, mtazamaji hatoki na funzo linalosemwa. Hutoka na mhemko unaooneshwa. Hoja hii haifai kupuuzwa. Corneille mwenyewe aliandika tamthilia nyingine ya mfiadini, Théodore, iliyochapishwa mwaka wa 1646, nayo haikupokelewa vizuri. Baadaye alitumia miaka kadhaa kutafsiri kwa ushairi kitabu maarufu cha kumwiga Kristo.

Jean Racine, aliyelelewa na watu wa Port-Royal, aliachana nao mwaka wa 1666 kwa kulitetea jukwaa. Lakini mafunzo yao hayakumtoka. Katika Phèdre, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Januari 1677, malkia anampenda mwana wa mumewe. Anajua kwamba ni kosa, akili yake inamwambia hivyo katika kila onyesho, naye hawezi kujizuia. Kwa Corneille, nia huweza kuutawala moyo. Kwa Racine, akili huona shimo na miguu ikaendelea kutembea. Tofauti ya waandishi hawa wawili ni tofauti ya imani kuhusu binadamu, si ya mtindo tu.

Funzo kwa mhakiki wa tamthilia ya Kiswahili

Mwalimu mwenzangu, historia hii ina faida gani darasani? Inatupa maswali manne ya kumwuliza kila mhusika kabla hatujamhukumu.

Kwanza, anapenda nini? Badala ya kuandika kwamba mhusika ametawaliwa na hisia, mtahiniwa ataje hisia gani na inaelekea wapi. Katika Kifo Kisimani (2001) cha Kithaka wa Mberia, Gege na nduguye Mwelusi wote wana mihemko mikali. Mwelusi ana hasira dhidi ya dhuluma ya Mtemi Bokono. Gege ana tamaa ya kumwoa Alida, binti ya Mtemi. Tukisema tu kwamba wote ni watu wa hisia, tumeficha tofauti ambayo tamthilia nzima imejengwa juu yake.

Pili, akili yake inamtumikia nani? Félix anafikiri sana, na anafikiri vibaya, kwa sababu akili yake imeajiriwa na hofu. Mhusika mjanja si lazima awe mwenye busara.

Tatu, je, anachokiita wajibu ni wajibu kweli? Chunguza watawala na vibaraka wao katika tamthilia unazozisoma. Wanapotaja amani, usalama au heshima ya nchi, tafuta mahali wanapozungumza na wasiri wao. Aghalabu mwandishi ameweka hapo ukweli wa nia zao, na aghalabu hapo ndipo kinaya kilipo. Juliasi Kaizari, tafsiri ya Julius Nyerere, inalizidisha ugumu swali hili. Brutus anamwua rafikiye kwa ajili ya Roma akiwa na nia safi. Nia hiyo safi haimzuii Cassius kumtumia.

Nne, iwapo mhusika ana imani, je, imani hiyo inafanya nini na mihemko yake? Inaizima, inaificha, au inaipa mwelekeo mpya? Mhusika anayetaja Mungu ili kuhalalisha chuki hatofautiani sana na Félix anayemtaja Kaisari.

Hitimisho

Tumeona kwamba Wastoiki walitaka kung'oa mihemko, Agostino akataka kuuelekeza upendo, Descartes akaiona kuwa mizuri ikitumiwa vyema, nao watu wa Port-Royal wakashuku kwamba binadamu anaweza kufanya lolote kati ya hayo bila neema. Corneille hakuandika falsafa. Alichukua watu wanne, akawafungia katika jumba moja kwa siku moja, akawaacha wabishane.

Nchi yoyote inayowataka vijana wake wawe raia wema inahitaji wasomaji wanaoweza kutofautisha upendo wa nchi na woga wa mkubwa, na bidii ya dini na kiburi. Tamthilia ni mojawapo ya mahali pachache ambapo kijana anaweza kujifunza kutofautisha mambo hayo kabla hajalazimika kuyachagua maishani. Kwa hivyo, ukikutana tena na sentensi ile ya hisia na akili, usiifute. Andika pembeni yake: "Hisia gani? Kwa nani? Na akili ilikuwa ikimtumikia nani?"

Maswali ya udurusu

1. "Adui wa wajibu si mapenzi; adui wa wajibu ni hofu." Jadili kauli hii kwa kuwarejelea wahusika wawili katika tamthilia uliyoisoma.

2. Linganisha Horace na Polyeucte. Onyesha jinsi kila mmoja anavyowatendea anaowapenda anapokabiliwa na wajibu mkubwa.

3. Eleza umuhimu wa msiri wa mhusika (kama vile Albin) katika kufichua nia. Taja mhusika mwenye dhima kama hiyo katika tamthilia ya Kiswahili.

4. Nicole alidai kwamba unyenyekevu hauna mvuto jukwaani. Je, unakubaliana naye? Tetea jibu lako kwa mifano mwafaka.